Sura ya Saba: Pipa la Tisa

"Umerudi kuangalia majivu?" Gakuru aliuliza.

Inspekta Maundu alikuwa amelala chali juu ya gunia, kichwa chake kikiwa chini ya sehemu ya nyuma ya ile Datsun, tochi mkononi. Hadi Jumapili saa saba mchana gari hilo lilikuwa la rangi ya machungwa, 240Z ya mwaka wa 1972, na wapenzi wa mashindano ya autokrosi walilitambua kwa mlio kabla ya kuliona. Sasa, Jumatatu asubuhi, lilikuwa bati jeusi katikati ya uwanda wa Kitengela. Mwenye gari, Githinji, alikuwa mochari.

"Fundi wake mko naye ndani," Gakuru aliendelea. Yeye ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa klabu na mwenye ardhi ile. "Sabuni ya kuziba tangi mmeipata kwa sanduku yake. Kesho anasomewa mashtaka Kajiado. Sasa unatafuta nini tena kwa shamba yangu?"

"Tundu la tangi."

"Si mliliona jana?"

"Tuliliona. Hatukulipima."

Konstebo Waceke, aliyekuwa amechutama kando na daftari, alimpa vyuma vya keekee kimoja baada ya kingine. Cha milimita tano kilichezacheza ndani ya tundu. Cha sita kiliingia na kukaa.

"Milimita sita," Maundu alisema. "Duara kamili. Jiwe halitoboi hivi, wala kutu. Limetobolewa kwa keekee ya mkono kutoka chini. Andika na mahali lilipo: kona ya mbele ya tangi, kushoto, moja kwa moja juu ya bomba la moshi."

Alijaribu kuufikisha mkono wake kwenye tundu kama mtu anayezungusha keekee. Kiwiko kilikwama kwenye bomba, akachubuka. Akatambaa hadi upande wa kulia wa tangi, akajaribu tena. Huko mkono uliingia wote bila kugusa chochote. Akamwambia Waceke aandike na hilo.

"Kijana wangu," Gakuru alisema, ingawa walikuwa wa rika moja, "mimi nimeendesha mashindano haya tangu mwaka wa themanini na tisa. Hakuna mwanachama wangu anaweza kufanya kitu kama hiyo. Ni fundi."

"Gari lilikaguliwa saa ngapi?"

"Saa moja. Tangi ilikuwa kavu. Mkaguzi aliweka sahihi. Baada ya hapo magari yanapangwa mstari na hakuna mtu anaruhusiwa kuyagusa."

"Halafu?"

"Saa moja na nusu madereva wote kumi na mmoja wakaenda kutembea njia na mimi. Wakarudi saa mbili na robo. Raundi ya kwanza saa tatu. Saa sita na nusu lori ya bauza ikamwaga maji kupunguza vumbi. Raundi ya pili, Githinji akapita kwa maji kona ya tatu, na mita hamsini mbele gari ikashika moto." Gakuru aliitazama ile Datsun. "Kati ya saa moja na nusu na saa mbili na robo mtu mmoja tu alibaki na magari. Mumo, huyo fundi. Hesabu hiyo hata mtoto wa darasa la pili anaiweza."

Maundu aliinuka, akapangusa masizi magotini. "Ndiyo sababu naogopa jibu lake," alisema.

*

Mumo hakusimama walipoingia selo ya kituo cha Kitengela. Alikuwa mwanamume mfupi wa miaka arobaini hivi, mwenye gereji ndogo huko Kware, na viganja vyake vilikuwa vyeusi kwa oili isiyotoka. Alianza kusema kwa Kikamba. Maundu alimkatiza.

"Kiswahili. Konstebo anaandika."

"Hata wewe, mtu wa kwetu?"

"Hapa mimi ni polisi."

"Basi andikeni. Andikeni kwamba nyinyi ni wajinga."

Waceke aliinua macho. Maundu alimwashiria aandike.

"Ulikuwa na kipande cha sabuni kwenye sanduku la spana," Maundu alisema.

"Kila fundi iko nayo. Tangi ikivuja unasugua sabuni kwa tundu, gari inafika nyumbani. Petroli haiyeyushi sabuni. Mkitaka kufunga watu kwa hiyo, fungeni Kware yote."

"Tulipata vumbi la chuma na makombo ya sabuni juu ya turubai, mahali Datsun ilipokuwa imeegeshwa. Nani alilitandika lile turubai?"

"Mimi. Githinji hakutaka gari yake isimame kwa mchanga. Mimi mwenyewe nilisimama kwa mchanga miaka miwili, hiyo haikumsumbua."

"Ulimchukia."

"Sana." Mumo alisema hivyo bila kupunguza sauti. "Lakini sikia, afande. Hayo makombo ni ya rangi gani?"

"Buluu."

"Na sabuni mlichukua kwa sanduku yangu?"

"Nyeupe. Hiyo haikuokoi. Mtu anaweza kuwa na sabuni mbili."

"Haya. Basi niambie hii: mimi fundi, nikitaka kuziba tangi ya autokrosi, nitaziba na sabuni? Uwanja unamwagwa maji! Sabuni ikipigwa na maji kwa nguvu, dakika moja imetoka. Aliyeweka hiyo sabuni hakuwa anaziba. Alitaka tangi ikae kavu mbele ya watu mpaka bauza ipite. Aliweka saa."

Maundu aliligeuza jambo hilo kichwani. Lilikuwa limemjia yeye pia usiku uliopita, lakini alitaka kulisikia kwa mtu mwingine.

"Wakati madereva wanatembea njia ulikuwa wapi?"

"Nimelala kwa pikapu."

"Nani alikuona?"

"Wewe ukilala unaandikisha mashahidi?"

"Nani mwingine analijua gari lile upande wa chini?"

Mumo alicheka kwa dharau. "Aliyelijenga amekufa. Mzee Kyule. Miaka kumi na mbili alikuwa chini ya hiyo Datsun. Hiyo tangi alitengeneza kwa mikono, na bomba ya moshi akaipinda mwenyewe. Mimi nilirithi turubai tu. Muulize kijana wake, Katee."

"Yule bingwa wa gari la Escort?"

"Bingwa wa nambari mbili. Kila mwaka mbili, nyuma ya gari ambayo baba yake alijenga." Mumo aliegemea ukuta, akafumba macho. "Kesho saa tatu nasomewa kesi ya kunyongwa. Bibi yangu atakuwa pale. Kama umekuja kunisaidia, nenda ufanye kazi. Kama umekuja kunitazama, umeshaniona."

*

Saa tano Maundu alirudi uwanjani na kufanya jambo ambalo hakuna polisi aliyekuwa amelifanya. Alitembea njia.

Alikuwa na ramani ambayo klabu iliwapa madereva Jumamosi jioni. Njia ilikuwa ya kilomita moja na nusu, ikizunguka mapipa kumi na mawili yaliyopakwa rangi nyeupe na nambari nyekundu. Autokrosi haikimbizi magari pamoja. Kila dereva huenda peke yake akishindana na saa, na anayezunguka pipa upande usio wake hupoteza raundi nzima. Ndiyo maana madereva hutembea njia kwa miguu asubuhi, hata wale walioizoea: wanaangalia mashimo na mawe, wanahesabu hatua, wanachagua mahali pa kushika breki.

Waceke alihesabu mapipa kwa sauti. Kona ya tatu udongo mweusi ulikuwa bado unateleza kwa maji ya bauza. Upepo kutoka Athi River ulikuwa na ladha ya saruji.

"Nane," Waceke alisema. Kisha akasimama. "Afande, tisa liko wapi?"

Kwenye ramani pipa la tisa lilikuwa hatua ishirini mbele, kwenye nyasi tambarare. Hapakuwa na pipa. Palikuwa na shimo jipya, kubwa kiasi cha mtu kuingia hadi kiunoni, na udongo uliotifuliwa kuelekea nyuma.

"Ngiri," Maundu alisema. "Amechimba usiku wa kuamkia Jumapili."

Pipa la tisa walilikuta mbele zaidi, karibu na mgunga mdogo, na mshale uliopakwa ubavuni ukionyesha kulizunguka kwa kulia. Kwenye ramani lilizungukwa kwa kushoto.

Maundu alirudi hadi pipa la nane na kuchuchumaa. Mashindano yalikuwa yamesimamishwa gari lilipowaka, na tangu hapo hakuna gari lililopita huku. Alama za magurudumu zilitoka kwenye pipa la nane zikiwa zimelaliana, zikapinda kulia mapema kuelekea mgunga. Zote, isipokuwa za gari moja. Gari hilo lilikwenda moja kwa moja kwa kasi hadi penye shimo la ngiri. Hapo breki zilishikwa kwa nguvu hadi nyasi zikang'oka. Alama ziliishia shibiri mbili kutoka ukingoni, zikarudi nyuma, zikazunguka ovyo.

"Huyu alikuwa anatafuta pipa," Waceke alisema polepole.

"Alikuwa na uhakika liko hapa. Pima upana wa gurudumu. Halafu twende kwa mwenyekiti."

*

Gakuru alikuwa kwenye banda la mabati ambalo klabu iliita ofisi. Hakuwakaribisha kuketi.

"Pipa la tisa," Maundu alisema. "Nani alilihamisha?"

"Mimi. Tulipofika pale tukakuta ngiri amechimba. Nikalisukuma mbele, nikapaka mshale mpya, nikawauliza madereva kama wamekubali. Wakasema ndiyo. Nini mbaya na hiyo?"

"Hakuna. Ulibadilisha ramani?"

"Saa ngapi? Kila mtu alikuwa pale anaona na macho yake."

"Kila mtu?"

"Wote kumi na mmoja. Niko na sahihi zao." Alisukuma daftari mezani.

Maundu alilisoma bila kuligusa. "Sahihi hizi waliziweka wapi?"

"Hapa hapa kwa meza, kabla ya kutoka."

"Kabla. Si baada ya kurudi."

Gakuru alifunga daftari. "Unataka kuniambia wanachama wangu ni waongo?"

"Nataka karatasi za muda za raundi ya kwanza."

"Hizo ni za klabu."

"Mzee Gakuru," Maundu alisema kwa upole uliomfanya Waceke asogee mlangoni, "ulimwaga maji kwenye njia, mtu akapita kwenye hayo maji akaungua. Naweza kuchukua karatasi, au naweza kukuchukua wewe na karatasi."

Karatasi zilitoka kwenye droo ya meza. Maundu aliteremsha kidole kwenye majina. Madereva kumi walikuwa na dakika na sekunde. Mmoja alikuwa na msalaba mwekundu.

"Msalaba ni nini?"

"Amekosa njia. Inatokea. Hata bingwa anaweza kukosa."

"Alikosa wapi?"

Gakuru aliitazama karatasi, kisha dirisha. "Pipa la tisa," alisema.

Jina lilikuwa la Katee.

"Aliniambia jua lilikuwa kwa macho," Gakuru aliongeza, na sauti yake ilikuwa imepoteza ukali. "Nilimwamini. Ana miaka tisa kwa hii klabu."

"Kulikuwa na neno kati yake na Githinji?"

"Neno la zamani. Githinji aliwahi kumwahidi mzee Kyule mbele yetu sisi wote: siku nitaacha mashindano, Datsun ni ya familia yako. Wiki iliyopita akatangaza kwamba anaacha, na gari inaingia kontena kwenda Uingereza. Kuna mzungu wa makumbusho huko anaitaka. Jumapili ilikuwa mara yake ya mwisho." Gakuru alisogeza daftari kando. "Katee aliuliza kuhusu ahadi. Githinji akamwambia, ahadi nilimpa fundi, na fundi amekufa."

*

Gereji ya Katee ilikuwa kando ya barabara ya Namanga, nyuma ya duka la kuuza mawe ya kujengea. Escort yake nyeupe ilikuwa imeinuliwa kwa jeki. Katee, kijana mrefu wa miaka thelathini na miwili, alikuwa ananawa mikono kwenye karai. Waceke aliona kipande cha sabuni ya buluu ukingoni mwa karai, akamgusa Maundu kiwiko.

"Wacha," Maundu alimnong'oneza. "Nusu ya Kitengela inaoga na hiyo."

"Gari yangu haijavunja sheria," Katee alisema bila salamu.

"Jana asubuhi ulitembea njia?"

"Sahihi iko kwa daftari. Si mnajua kusoma?"

"Nimeisoma. Pale kwenye pipa la tisa kulikuwa na nini?"

"Pipa." Katee alikamua kitambaa. "Unataka kujua ilipakwa rangi gani pia?"

"Ukiwa unatembea na wenzako, mlikuta nini pale?"

"Nyasi. Vumbi. Gakuru akiongea sana kama kawaida. Afande, niko na kazi."

"Hakuna kingine?"

"Hakuna."

"Mwenyekiti alipofika pale alipiga magoti, akasukuma pipa, akapaka rangi, akawauliza madereva wote swali, wakamjibu. Kulikuwa na shimo la ngiri ambalo lingemeza gurudumu lako. Kumi waliliona. Kumi walilikwepa. Wewe ulishika breki shibiri mbili kutoka shimoni, kwa sababu uliendesha ukifuata ramani ya Jumamosi."

Katee alining'iniza kitambaa kwenye msumari, taratibu, akakinyoosha kingo.

"Jua lilikuwa kwa macho," alisema.

"Raundi ya kwanza ilikuwa saa tatu asubuhi. Kutoka pipa la nane kwenda la tisa gari linaelekea magharibi. Jua lilikuwa mgongoni mwako."

Lori la mawe lilipita barabarani. Waceke alikuwa amekwisha kusimama kati ya Katee na mlango. Maundu aliiendea meza ya vyombo, akatazama keekee ya mkono iliyoning'inia ukutani, akaisoma namba ya chuma kilichokuwa bado kinywani mwa keekee. Sita.

"Hii hukuiosha," alisema. "Kuna sabuni ya buluu kwenye mikunjo ya chuma."

Mabega ya Katee yalishuka. Alipozungumza, hasira ilikuwa bado ipo, ila haikuwa tena kwa polisi.

"Sikutaka afe. Niandikieni hiyo kwanza. Nilitaka petroli imwagike, gari izime katikati ya njia, siku yake ya mwisho, watu wakiangalia. Asukumwe mpaka kwa banda na watoto wakimzomea. Hiyo tu. Baba yangu alimpa miaka kumi na mbili, naye akasema tu, fundi amekufa. Nilitaka achekwe."

"Basi?"

"Basi, afande. Haki ya Mungu."

Waceke aliandika. Maundu alimngoja amalize, kisha akakunja mkono wa shati na kumwonyesha Katee mchubuko kwenye kiwiko.

"Hii niliipata leo asubuhi," alisema. "Upande wa kulia wa tangi pako wazi. Mtu anaweza kutoboa pale akiwa na haraka, akiogopa wenzake wasije wakarudi. Petroli ingemwagika chini, gari lingezima, na watu wangecheka kama ulivyotaka. Wewe ulikuwa na dakika arobaini na tano, na mtu amelala kwenye pikapu hatua kumi kutoka hapo. Lakini uliuacha upande wa kulia. Ulilala chali, ukaingiza mkono pale pagumu, ukatoboa juu ya bomba la moshi, mahali ambapo petroli ikidondoka inawaka."

Katee alifungua mdomo.

"Usinijibu haraka," Maundu alisema. "Bomba la Datsun ile, nani alilipinda lipite upande wa kushoto?"

Kijana aliitazama Escort yake, jeki, karai la maji machafu.

"Baba," alisema.

"Na wewe ulikuwa wapi wakati huo?"

"Nilikuwa nashika taa."

Maundu aligeuka. "Konstebo, andika hivyo alivyosema. Usiongeze neno."

*

Jumanne saa mbili asubuhi, wakati ambapo angekuwa ndani ya gari la polisi kuelekea Kajiado, Mumo alisimama mbele ya kaunta ya kituo akipokea vitu vyake. Mshipi. Kamba za viatu. Sanduku la spana. Alilifungua, akazigusa spana zote, akalifunga.

"Gari letu linaenda upande wa Rongai," Maundu alisema. "Litakushusha Kware."

"Nitatembea."

"Ni mbali."

"Majirani waliona gari yenu ikinichukua. Sitaki waone ikinirudisha."

Karani wa zamu alikumbuka kitu, akavuta droo, akaweka kwenye kaunta kipande cha sabuni nyeupe ndani ya karatasi ya plastiki. "Na hii ni yako. Weka sahihi."

Mumo aliweka sahihi. Aliitazama ile sabuni, akamtazama Maundu, akainua sanduku lake na kutoka. Sabuni aliiacha pale pale.